Shajara ya kijitabu: kazi za grafiki ambazo hakuna anayezisaini

Wazo, na vilivyobaki nje

Naweka hapa maendeleo ya kijitabu ninachokitengeneza kwa mkono, kurasa 48, saizi A5, mada yake ni kazi za grafiki ambazo kila mtu anazitumia na hakuna anayejiuliza nani alizichora. Siongelei mabango wala majalada ya albamu, hizo zina wenyewe na zina tuzo zake. Naongelea lebo ya kufulia iliyoshonwa ndani ya shati, ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa mpaka ikawa kidonge ndani ya boksi la dawa, fomu, risiti, tiketi, ukurasa wa kitabu cha namba za simu, ule mstari wa nukta wenye kamkasi unaokuambia kata hapa. Kuna mtu alikaa akaamua kila kitu hapo, unene wa mstari, ukubwa wa herufi, nafasi iachwe wapi, akalipwa au akazungushwa, afu akaendelea na maisha yake.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba hiki hakitakuwa kijitabu cha logo. Ukisema tu kazi ya grafiki inadharauliwa, watu wanakuletea stori ya Nike, Carolyn Davidson akiwa mwanafunzi mwaka 1971 alichora ile alama akalipwa dola 35, afu 1983 kampuni ikamkumbuka ikampa pete na hisa. Au Harvey Ball, 1963, alichora ile sura ya njano inayotabasamu kwa kazi ya kampuni ya bima Marekani, akapewa dola 45, hakuisajili, wengine wakaja kula nayo. Stori za kweli kabisa na zote mbili zimo, ila kwenye ukurasa mmoja, kwa herufi ndogo, basi. Manake zinatuuma kwa sababu alama zenyewe zilikuja kuwa maarufu. Sasa yule aliyepanga jedwali la dozi ya watoto, ambalo likisomwa vibaya mtoto ananyweshwa kipimo cha mtu mzima, huyo hana stori ya pete na hatakuwa nayo, na ndo huyo ninayemtaka mimi.

Sheria ya saizi halisi

Kila kitu kinachapwa kwa saizi yake. Tiketi ya sentimita sita inakaa kwenye ukurasa ikiwa na sentimita sita, kilichobaki ni weupe. Nimeona vitabu vingi vya grafiki vinachukua kitu kidogo wanakikuza mpaka kinajaza kurasa mbili, kinapendeza kweli, ila hapo umeshamdanganya msomaji, sababu ugumu wote wa hiyo kazi ulikuwa kwenye udogo wake. Lebo ya kufulia ina alama tano za msingi, beseni, pembetatu ya kemikali ya kung'arishia, mraba wa kukausha, pasi, na duara la dobi wa kitaalamu, na zote zinatakiwa zikae kwenye kitambaa chembamba, zichapwe kwa wino utakaovumilia maji na sabuni, na zieleweke na mtu ambaye hajui kusoma lugha ya kiwandani. Mfumo wenyewe unasimamiwa na GINETEX, shirika la kimataifa lililoanzishwa Paris mwaka 1963. Ukikikuza hicho kitu kinakuwa bango zuri la ukutani. Kiache saizi yake, ndo unaona jasho.

Kuna mtu mmoja aliyeangalia kurasa za mwanzo akaniambia napoteza karatasi. Nimemjibu kuwa weupe huo ndo unamlazimisha mtu asogeze jicho, na hata hivyo hakukubali, tumeachana hapo.

Sheria nimeivunja mahali pamoja tu na kwa makusudi. Bell Centennial, fonti aliyoitengeneza Matthew Carter miaka ya 1970 kwa ajili ya vitabu vya namba za simu vya AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, ilipokuwa inatimiza miaka 100. Vitabu vile vilichapwa kwenye karatasi nyepesi ya bei ya chini, kwa mashine ya kasi, na wino kwenye karatasi ya namna ile unatambaa. Herufi zikishakuwa ndogo, pointi 6 hivi, kona zote zinajaa wino, 3 inaanza kufanana na 8, unapiga simu kwa mtu usiyemjua. Carter akakata mapengo madogo kwenye kila kona ambapo mistari inakutana, yani alitoa nyama pale ambapo wino ungeiongeza. Ukiiangalia fonti hiyo kwa ukubwa inaonekana imeliwa na mchwa. Kwenye kitabu cha simu huoni kitu, unaona namba tu, safi. Kwa hiyo ukurasa wa kushoto nimeweka safu ya namba kwa saizi yake, kulia herufi moja tu kubwa kuanzia juu mpaka chini, R, yale mapengo yote wazi. Nafikiri kama mtu atafungua ukurasa mmoja tu wa hiki kijitabu basi ningetamani awe huo. Carter mwenyewe si mtu aliyesahaulika, wenye fani wanamheshimu sana, ila mamilioni waliosoma kazi yake hawakujua kama kuna kazi hapo, na hilo ndo linanivutia.

Majina

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Maelezo chini ya kila picha yanaanza na jina la aliyeifanya, halafu mwaka, halafu ndo kitu chenyewe. Kwa vingine jina lipo kama ukilitafuta. Alama ya kiti cha magurudumu ilichorwa na Susanne Koefoed, mwanafunzi wa Denmark, mwaka 1968, na mchoro wake haukuwa na kichwa, kile kiduara cha juu aliongeza Karl Montan baadaye. Mishale mitatu ya kuchakata taka ni ya Gary Anderson, naye alikuwa mwanafunzi, 1970, aliipeleka kwenye shindano la kampuni ya maboksi. Angalia wanafunzi walivyo wengi kwenye hii orodha, mi sidhani kama ni bahati, kazi ya alama ya umma ilikuwa inapelekwa kwa mtu ambaye hatauliza malipo makubwa.

Alama za barabarani za Uingereza, Margaret Calvert na Jock Kinneir, zilianza kutumika rasmi 1965, na kile kibao cha watoto wanaovuka Calvert alimchora yule msichana akijikumbuka yeye mwenyewe utotoni. Hao wana majina. Nimewapa nusu ukurasa.

Nafasi kubwa nimempa Marie Neurath. Kwenye Isotype, ule mfumo wa takwimu kwa vipicha ulioanzia Vienna miaka ya 1920, Otto Neurath ndo anatajwa, na mchoraji Gerd Arntz anatajwa, lakini katikati yao kulikuwa na kazi nyingine kabisa, mtu anayepokea jedwali la namba na kuamua kipi kionyeshwe, kwa mafungu gani, kipicha kimoja kisimame badala ya watu wangapi, kabla mchoraji hajashika kalamu. Marie alikuwa anafanya hiyo. Otto alipofariki 1945 akaiendesha kazi mwenyewe miaka mingi, vitabu vya watoto, na miaka ya 1950 vijitabu vya serikali ya Nigeria ya Magharibi kuhusu afya na elimu na mambo ya kura. Hiyo kazi ya katikati ndo iliyonifanya nianze hiki kijitabu. Haionekani kwenye mchoro wa mwisho, huwezi kuinyooshea kidole, ila ukiitoa mchoro unabaki urembo.

Pia wale wanawake wa ofisi ya kuchora herufi ya Monotype, kampuni ya fonti na mashine za kupangia herufi, Salfords, Uingereza. Fonti inaitwa kwa jina la bwana fulani, lakini michoro mikubwa ya kila herufi, ya inchi 10, iliyokuwa inaongoza mashine kuchonga herufi kwenye chuma, ilichorwa na kusahihishwa ofisini na wafanyakazi ambao wengi wao walikuwa wanawake, mstari kwa mstari, na majina yao hayakuwekwa kwenye fonti.

Sasa vile ambavyo jina halipatikani kabisa, ambavyo ndo vingi, sikutaka kuandika "hajulikani" kila ukurasa, inachosha na inafanya ionekane kama ni kosa la aliyepotea. Nimeweka mstari mtupu, ule wa kwenye fomu, wenye neno Jina mwanzoni. Anayemjua ajaze. Karatasi haijapakwa kemikali ya kung'aa kwa hiyo penseli inashika vizuri, nimeshajaribu.

Skani

Risiti zimetangulia kuskaniwa kabla ya kitu kingine chochote. Zile za karatasi laini huwa hazina wino, karatasi yenyewe ina tabaka linalobadilika rangi likipata joto, na linafifia hata ukiiweka ndani ya droo. Nilizonazo za zamani zimeshakuwa kivuli cha kijivu.

Vitu vyenye mistari na maandishi naskani nyeusi na nyeupe tupu, dipiai 1200, yani nukta 1200 kwa inchi, napata ukingo mkali. Shida ni picha zilizokwishachapwa. Picha kwenye boksi imetengenezwa kwa nukta, na mashine yangu itaichapa kwa nukta zake, gridi mbili zikikutana zinatoa mawimbi ya ajabu kwenye uso wa picha. Dawa yake ni ama uilainishe picha mpaka nukta za kwanza zipotee halafu uipe nukta mpya, au uzikubali zile nukta za kwanza uzichape kama mchoro wa mistari. Mi nimechagua ya pili, sababu nukta za asili ni sehemu ya kazi.

Na hapo ndo niliingia kwenye vifuniko vya ndani vya maboksi. Fungua boksi lolote la bidhaa uangalie chini ya ulimi wa kubandikia, utakuta viduara au viraba vya rangi, samawati, pinki iliyokolea, njano, nyeusi, na mara nyingine rangi maalum ya kampuni. Hivyo ni vya mchapaji, anaviangalia kujua kama wino umekolea inavyotakiwa. Na kile kiraba cha rangi kwenye mkia wa tyubu ya dawa ya meno, ambacho watu wanatumiana meseji kwamba kijani ni dawa ya asili na nyeusi ni kemikali tupu, jamani, ni alama ya jicho la mashine, sensa ikiiona inajua hapa ndo pa kukata na kuziba. Rangi inachaguliwa iwe tofauti na tyubu ili sensa isichanganyikiwe. Nimeipa kurasa mbili nzima sababu ni kitu pekee kwenye kijitabu hiki ambacho watu wengi wamekitazama kwa makini, na wamekitazama vibaya.

Bluu

Rangi ni mbili tu, nyeusi kwa vitu vyenyewe na bluu ya mbali kwa maandishi yangu ya pembeni, yani mishale na vinoti vinavyoonyesha maamuzi yaliyofanyika. Bluu haikuja hivihivi. Kabla ya kompyuta, wapangaji wa kurasa walikuwa wanabandika maandishi na picha kwenye kadi kwa gundi au nta, na mistari ya kuongozea walichora kwa penseli ya bluu hafifu, kwa sababu filamu ya kamera ya uchapaji ilikuwa haiioni ile bluu. Walichora, walipima, waliandikiana maagizo juu ya kazi yenyewe, na ikishapigwa picha vyote vinapotea. Kwa hiyo hapa bluu ndo inachapwa.

Kwenye fomu kwa mfano, bluu inaonyesha mtu aliamua visanduku vingapi vya jina. Hicho kitu kinaonekana cha kijinga mpaka ukutane na mtu mwenye jina refu ambaye kila cheti chake kina jina lililokatwa mwishoni. Nimeweka fomu mbili pembeni, moja ina visanduku na nyingine ina mstari wazi, na bluu inaeleza kila moja inamrahisishia nani, visanduku vinamsaidia anayeingiza data, mstari unamsaidia anayejaza. Hakuna fomu inayowapenda wote wawili sawa.

Kuna mwenzangu anapanga vitabu vya kiada, amenipa aya moja ya kuweka humo bila jina kwa ombi lake. Anasema mteja humpunguzia malipo kwa hoja kwamba ndani hamna picha, maandishi tu. Nimeichapa aya yake kwa bluu tupu.

Karatasi

Saizi ya karatasi yenyewe nayo nimeiingiza kama kazi ya grafiki na sioni haya. Mfululizo wa A ulitoka Ujerumani, kiwango cha DIN 476, mwaka 1922, kazi ya Walter Porstmann, na leo ni kiwango cha kimataifa, ISO 216. Ujanja uko kwenye uwiano, upande mrefu ukigawanya kwa mfupi unapata kipeuo cha pili cha 2, ndo maana ukikunja A3 unapata A4 yenye umbo lilelile, ukikunja tena A5. Na A0 ina eneo la mita moja ya mraba, kwa hiyo uzito unaupiga kichwani, A4 ni moja ya kumi na sita, karatasi ya gramu 80 inakuwa na gramu 5. Yangu ni ya gramu 100, shiti 12 za A4 kwa nakala, gramu 75 bila jalada. Mtu wa posta anapouliza najua jibu.

Kinachowasumbua wengi wanaofunga vitabu nyumbani ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja tangu kiwandani, na mkunjo unatakiwa ufuate nyuzi, la sivyo unapasuka kwenye mgongo na kitabu hakilali. A4 ya ofisini mara nyingi nyuzi zake zinafuata upande mrefu, na ukiikunja kupata A5 unakuwa unazivunja. Kwa hiyo nimechukua A3 yenye nyuzi za upande mrefu, nikiikata katikati napata A4 ambazo nyuzi zake zimelala upande mfupi, na hapo mkunjo wa A5 unazifuata. Kupima ni rahisi, pindisha shiti taratibu bila kuikunja, upande huu halafu ule, pale inapokubali kwa wepesi, mstari wa mpindo ndo unaofuata nyuzi.

Kupanga na kuchapa

Kurasa 48 ningeweza kuzichomeka zote kwenye fungu moja na pini mbili katikati, watu wengi wanafanya hivyo, ila shiti 12 zikikunjwa pamoja za ndani zinasukumwa nje, na ukishakata ukingo pambizo za katikati zinakuwa nyembamba kuliko za mwanzo. Kwa kijitabu kinachojidai cha saizi halisi hiyo haikubaliki. Nimegawa mafungu matatu ya shiti nne nne, kurasa 16 kila fungu. Kupanga kurasa zinazokaa pamoja kwenye shiti kuna hesabu moja tu, jumla haibadiliki: fungu la kwanza kila jozi inatoa 17 (1 na 16, 2 na 15, hivyohivyo), la pili 49, la tatu 81. Ukiona jozi imetoa namba nyingine simama.

Uchapaji ni kwa mashine ya Riso. Inatoboa stensili kwa kila upande wa shiti, inaizungushia kwenye dramu yenye wino wa rangi moja, na karatasi inapita chini. Rangi mbili ni mapito mawili. Nimechapa kwenye A3 kabla ya kukata, sababu stensili moja inabeba kurasa nne badala ya mbili, kwa nakala nzima inakuwa stensili 24 badala ya 48. Bluu inapita kwanza, halafu karatasi inalala mpaka kesho yake, wino huu haukauki haraka na rola za kuvutia karatasi zinaacha alama za matairi ukiharakisha. Rangi mbili hazitakaa sawasawa kabisa kwa kila shiti, ndo tabia ya mashine za namna hii, kwa hiyo mishale ya bluu nimeichora iishie milimita kadhaa kabla ya kitu inachokionyesha. Ikihama kidogo hakuna anayejua.

Kuhakikisha saizi, kwenye ukingo unaoweza kukatwa nimeweka mstari wa milimita 100. Kila fungu la shiti likitoka naweka rula ya chuma juu yake. Nyaraka nyingi zinabadilishwa saizi kimyakimya na ile "toshea kwenye ukurasa" ya programu, asilimia chache tu, jicho halioni, ila rula inaona.

Uzi

Mgongo unabaki wazi, hamna gundi wala kitambaa cha kuufunika, mshono unaonekana. Matundu matano kwa kila fungu, kwenye milimita 15, 60, 105, 150 na 195 kutoka juu. Natoboa kwa msharasi nikiwa nimelaza fungu wazi kwenye kitanda cha kadi kilichokunjwa umbo la V, msharasi unashuka wima kwenye mkunjo, usiende pembeni hata nywele. Uzi ni wa kitani, umepitishwa kwenye nta ya nyuki ili usijifunge fundo wenyewe na ushike tunduni. Kwenye matundu ya katikati sindano inatoka, inazunguka mshono wa fungu lililo chini, inarudi ndani kwa tundu lilelile, na mwishoni kabisa juu na chini unafunga kitanzi kati ya mafungu. Kuvuta uzi unavuta kuelekea unakokwenda, sambamba na mgongo, ukivuta kwenda juu uzi unachana karatasi. Ni kazi ya polepole na kwa kweli ndo sehemu ninayoipenda, mikono inajua inachofanya unaweza kusikiliza redio.

Uzi ni wa bluu pia, kabla hamjauliza.

Tulipofika

Mafungu yote yamechapwa na kukunjwa, nakala za kwanza zimeshonwa, zilizobaki zipo chini ya uzito wa vitabu vingine zilale. Jalada ni kadi ya kijivu ya gramu 250, tupu kwa mbele, na nyuma kuna viduara viwili vya rangi nilizotumia na mstari wa milimita 100, vilevile kama chini ya ulimi wa boksi.

Bado sijaamua kuhusu kukata ukingo. Nikikata kwa kisu na rula kila nakala itakuwa nadhifu, na shiti nne kwa fungu hazijasukumana kiasi cha kunilazimisha. Nikiacha, kingo zitakuwa na vidaraja vidogo ukipitisha kidole. Tatizo ni kwamba mstari wa kupimia wa kurasa za ndani uko kwenye ile sehemu inayokatwa, na kuna anayetaka ubaki ili msomaji apime mwenyewe. Nafikiri nitakata nusu ya nakala na kuacha nusu, kila moja iandikwe kwa penseli ni ipi, na wanaochukua wachague. Kisu kipya nimeshanunua.